Wimbo wa Ishirini na Tano

Bekari
4 Juni

Dada,

Sikuulizi hali. Ukipenda utanieleza, usipopenda kaa nayo.

Nimekupigia simu mara ishirini na sita tangu Jumatatu. Inaita mpaka inachoka. Ujumbe unaonyesha umesoma, jibu hakuna. Ndiyo maana nimenunua bahasha na stempu kama mtu anayeomba kazi. Barua ukiitupa, utaitupa kwa mkono wako mwenyewe.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri niliwasha simu ya bekari kama kila siku. Mikono ilikuwa tayari kwenye unga, nikabonyeza orodha yetu kwa kiwiko. Kimya. Nyimbo zote ishirini na saba zimegeuka rangi ya majivu. Nikabonyeza tena, yakaja maneno: usajili wako umekwisha, nyimbo ulizopakua hazipatikani. Miaka kumi na miwili tunaoka kwa nyimbo zile, Dada. Saa ya ukutani iliuawa na mvuke wa tanuri, ukasema tusinunue nyingine, wimbo hauna betri ya kuisha. Nikakubali, na mpaka leo sijui kuoka kwa kitu kingine. Wimbo wa kwanza hadi wa tatu tunakanda. Wa nne hadi wa kumi na mbili unga umefunikwa, unaumuka. Tunakata, tunatia kwenye mabati, unaumuka mara ya pili, kisha wa ishirini na moja mpaka wa ishirini na nne mikate iko motoni. Wa ishirini na tano ukianza, ule wa tarumbeta mbili, mikate inatoka. Hata paka wa jirani anaujua wimbo ule, huja mlangoni.

Nikaunganisha intaneti. Ikapiga, lakini inapiga inavyotaka yenyewe. Huwezi kuchagua, huwezi kuruka, na kila baada ya nyimbo mbili anakuja mwanamke anatangaza magodoro. Nikasema liwalo na liwe, nitakisia. Mikate mia moja ikaingia tanurini. Haijakaa hata robo saa, zikalia tarumbeta mbili. Mzee wa Tanuri, unamjua, haulizi swali. Amesikia tarumbeta, amefungua mlango, ametoa. Mikate mia moja myeupe, laini kama tumbo la mtoto, yote imekaa mezani inanitazama. Ukiigusa inabonyea na haijirudi.

Sasa nakuuliza wewe uliyefuta, kwa sababu akaunti ni yako, barua pepe ni yako na neno la siri liko kichwani mwako: umepata nini? Umeondoka na hasira zako, sawa. Umechukua nguo zako, sawa. Lakini orodha ile ni ya bekari, na bekari ni ya baba yetu sote wawili. Mtu akihama nyumba haondoki na paa.

Sijui nilichokukosea kikubwa namna hii. Tuligombana kama ndugu wanavyogombana. Rudisha usajili, au nitumie neno la siri nilipie mwenyewe.

Mdogo wako,
Cheche

*

Jikoni, shule ya bweni
11 Juni

Cheche,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima.

Ni mimi niliyefuta. Hakuna mwizi, hakuna hitilafu, usimsumbue mtu mwingine.

Unasema hujui ulichonikosea. Nikukumbushe basi, maana aliyepiga husahau, aliyepigwa ndiye mwenye kumbukumbu. Jumamosi, tarehe 9 Mei, saa tatu kasoro. Wateja wamepanga mstari mpaka nje. Trei sita zimeungua, sikatai, zilikuwa zamu yangu. Wewe ukaja nyuma yangu ukanigonga bega kwa ule ubao mrefu wa kutolea mikate, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Nilipogeuka ukasema, na kila aliyekuwa mstarini akakuelewa: "Kaa pembeni, Dada. Kazi hii inafanywa na simu, wewe unasimama tu hapo." Yule fundi cherehani akacheka. Mwalimu wa watoto wadogo akacheka. Na wewe, ulipoona wanacheka, ukacheka.

Mikono yako niliitia kwenye unga mimi, ukiwa na miaka tisa, umesimama juu ya debe ili uifikie meza. Nilikufundisha kukata donge kwa jicho bila mizani. Wahenga walisema usimtukane mkunga na uzazi ungalipo, lakini wewe hujapata kumsikiliza mhenga hata mmoja.

Ikiwa kazi inafanywa na simu, simu umebaki nayo. Iambie ioke.

Usinipigie tena. Wala usiniandikie vijumbe vya mistari miwili, maana ukiandika hivyo unaandika kama unavyosema, kabla ya kufikiri. Ukiwa na neno, liandike kwenye karatasi.

Dada yako

*

Idara ya Huduma kwa Wateja
16 Juni

Ndugu Mteja Wetu Mpendwa,

Tunakushukuru kwa barua yako ndefu ya tarehe 12 Juni. Tumesikitika kusoma habari za mikate.

Tafadhali fahamu kwamba nyimbo zilizopakuliwa kwenye simu si mali ya mteja. Mteja hupewa ruhusa ya kuzisikiliza wakati usajili wake uko hai. Usajili ukikoma, ruhusa hukoma. Maktaba pamoja na orodha zote alizozipanga huhifadhiwa kwa siku arobaini na tano, ili mwenye akaunti akibadili mawazo azikute kama alivyoziacha. Kwa akaunti uliyoitaja, siku hizo zinakwisha tarehe 15 Julai. Baada ya hapo maktaba itafutwa na haitaweza kurejeshwa na mtu yeyote, sisi tukiwemo.

Kwa kuwa akaunti haiko kwa jina lako, hatuwezi kupokea malipo yako wala kukupa nakala ya orodha. Mwenye akaunti anaweza kuirejesha mwenyewe kwa hatua chache rahisi.

Kuhusu swali lako kama wenye kampuni wana dada, hatuna taarifa za kutosha kukujibu.

Wakati unasubiri, tungependa kukupendekezea nyimbo nyingine zinazofanana na zile unazozipenda.

Wako katika muziki,
Mhudumu namba 40

*

Bekari
18 Juni

Dada,

Nakuwekea humu barua ya hao watu wa muziki. Isome. Tarehe 15 Julai kila kitu kinafutwa. "Mwenye akaunti anaweza kuirejesha mwenyewe kwa hatua chache rahisi." Mwenye akaunti ni wewe, na hatua chache rahisi zimekushinda kwa sababu ya kiburi.

Haya, nilisema. Nilisema maneno yale na sikukuandikia habari yake mwanzoni kwa sababu nilitumaini umeyasahau. Lakini simulia na nusu nyingine, usichague kama mtu anayechagua dagaa. Trei sita zinafuka moshi. Wewe umesimama hatua mbili kutoka tanuri, umetazama ukuta, umetulia kama uko msibani. Nilikuita. Nikakuita tena. Nikakuita mara ya tatu kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, mpaka yule fundi cherehani akaziba masikio. Hukugeuka hata shingo. Ulinidharau mbele ya wateja wangu, Dada. Uliniacha nikipiga kelele kama kichaa sokoni, na ndipo nikachukua ubao. Hukuanza siku ile, tena. Mwaka mzima na zaidi nikizungumza nawe unatazama pembeni. Nikikuuliza kitu unajibu kingine. Nikikutania hucheki. Nikaanza kujiuliza kama mimi ni ndugu yako au ni mpangaji.

Nimejaribu kila njia kabla ya kukuandikia tena, ujue. Niliandika majina ya nyimbo zote kwenye daftari kutoka kwenye kioo cha simu, nikafungua akaunti nyingine, nikazitafuta moja moja. Nimezipata kumi na tisa. Wa tisa haupo kabisa. Wa sita upo, lakini ni wa dakika nne, na wetu ulikuwa wa dakika kumi na moja, ule uliorekodiwa ukumbini watu wanapiga makofi na mwimbaji anawasalimia rafiki zake wote. Kumbe salamu zile ndizo zilizokuwa zinaumua unga. Nimenunua hata saa, ya duara, nimeitundika pale pale ilipokuwa ya zamani. Saa inasema tayari, unga unasema bado. Jana mkate umeiva juu, ndani ni uji. Leo umekuwa tofali.

Metroni wa hospitali amenirudishia mikate yote mia na ishirini. Alibonyeza mmoja mbele yangu, kidole kikabaki ndani. Hakugomba, ingekuwa afadhali angegomba. Alisema wagonjwa wake wengine hawana meno, na kwamba atanivumilia mpaka katikati ya Julai, kisha atatafuta bekari nyingine. Metroni akiondoka, nafunga. Hata wewe unalijua hilo.

Sikio la kufa halisikii dawa, na lako naona limeshazikwa. Umetia pamba masikioni na umeniacha nizame. Ukiwa na masikio ya kusikia, basi sikia: uziwi wa kujitakia hauna tiba, na mimi sitakubembeleza mara ya tatu.

Cheche

*

Jikoni, shule ya bweni
26 Juni

Cheche,

Usiniandikie tena habari za masikio. Umeyaandika katika barua moja mpaka nimechoka kuhesabu. Tukana kingine. Nina pua, nina miguu, nina umri, chagua huko.

Sikukudharau siku ile. Sina la kuongeza hapo.

Lakini hili la saa na nyimbo ulizookota nitakujibu, kwa sababu linaniuma kama mwokaji, si kama dada. Miaka kumi na miwili umesimama kando yangu na hujaona nilichokuwa nafanya. Ulidhani naisikiliza simu halafu naitii? Siku za baridi wimbo wa kumi nilikuwa naurudia. Mvua ikinyesha, nilikuwa naruka wa kumi na tisa. Gunia jipya likifunguliwa nilikuwa nakuambia uongeze kikombe cha maji, nawe ukinuna kwamba nabadilishabadilisha. Uliniona nikibonyeza simu kwa kifundo cha kidole ukafikiri nachezacheza. Kabla ya kubonyeza nilikuwa nimekwisha lichoma donge kwa kidole hiki kingine. Shimo likirudi haraka, unga bado una njaa ya muda. Likirudi polepole kama mtu anayeamka kutoka usingizi mzuri, tayari. Lisiporudi, umechelewa, kanda upya. Simu ilikuwa inanihesabia tu. Kazi ilikuwa mkononi, ndiyo maana neno lako lilinichoma pale lilipochoma.

Nikurudishie orodha, uendelee kuamini kwamba ndiyo iliyokuwa inaoka? Sitaki. Ifutwe.

Hapa naoka mikate ya wanafunzi mia tatu kwenye tanuri bovu lenye mlango uliofungwa kwa waya, bila wimbo hata mmoja. Chumba changu kiko nyuma ya ghala la mahindi, kina kitanda, ndoo na dirisha. Mpishi mkuu ni mama mmoja mnene wa maneno machache. Akinitaka hupunga mkono mbele ya uso wangu na kunionyesha. Hakuna anayenigonga na ubao, hakuna anayenipigia kelele nyuma ya mgongo. Nimestarehe.

Pole kwa Metroni. Choma donge kwa kidole.

Dada yako

*

Kwa Binti wa Tajiri
2 Julai

Mimi si mtu wa kalamu, utanisamehe mwandiko. Anwani nimeiona nyuma ya bahasha yako, mdogo wako aliiacha mezani akaenda kulia stoo, anafikiri sikumwona.

Nimemtumikia baba yako, nikakutumikia wewe. Miaka kumi na tisa nimesimama nawe mbele ya tanuri moja, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Tangu mwaka juzi hukuwa unanijibu mpaka nije mbele yako. Tangu mwaka jana hukuwa unaisikiliza simu, ulikuwa unaitazama. Uliiegemeza kwenye kopo la chumvi, kioo kimekuelekea, uone namba ya wimbo inavyobadilika. Wengine walidhani ni pambo. Siku trei zilipoungua mdogo wako alikuwa amemwaga unga, kioo kizima kikawa cheupe. Wimbo wa ishirini na tano ukaanza, tarumbeta zikalia, ukabaki umesimama. Nami nilikuwa nje uani napakua kuni, sikuzisikia; kioo nilikikuta baadaye, bado cheupe. Nilipoingia mambo yameshaharibika, na maneno yameshasemwa.

Niliona na nikanyamaza, kwa sababu wewe ulinyamaza. Nilifikiri ni adabu. Sasa naona ilikuwa uoga, na imetuletea mikate mibichi.

Nimekasirika nanyi wote wawili. Yule anaamini ulimdharau mbele za watu. Wewe unaamini alikudhalilisha kwa makusudi. Mimi niko katikati natoa mkate usioliwa, na umri huu si wa kuanza kutafuta tanuri jingine. Baba yenu angewachapa wote, mkubwa kwanza.

Sijamwambia. Si langu kulisema. Lakini nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na unichukie ukitaka, nimeshachukiwa na watu wakubwa zaidi.

Mzee wa Tanuri

*

Jikoni, shule ya bweni
11 Julai

Cheche,

Barua hii itakufika orodha imeshafutwa. Jua hilo kwanza ili usisome kwa matumaini.

Sisikii.

Nimeliandika neno hilo mara tatu nikalichana mara tatu, sasa limekaa. Nilikwenda kwa daktari wa masikio mwezi wa pili mwaka jana, nikakwambia nakwenda kwa jino. Alinifungia chumbani, akanivisha visikizi, akaniambia ninyooshe kidole kila nikisikia mlio. Nilikaa nikingoja milio ianze, kumbe ilikuwa inaendelea muda wote. Alisema ni feni ya tanuri na mashine ya kukandia, miaka zaidi ya ishirini nimesimama katikati yao. Akanionyesha kwenye karatasi mstari unaoshuka kama ngazi. Sauti nyembamba huondoka kwanza, alisema, nzito hubaki nyuma. Mwanangu, sauti yako ni nyembamba. Tangu utoto una sauti ya filimbi. Imeondoka pamoja na nyingine zote. Uliniita mara tatu, na naamini uliniita kwa nguvu ya kuamsha mtaa. Mimi nilichosikia ni feni.

Unauliza kwa nini sikukwambia. Hujauliza, lakini utauliza, nakujua. Mwokaji anayeoka kwa nyimbo akipoteza masikio anabaki nani? Nilijiambia nitaitazama simu badala ya kuisikiliza na hakuna atakayejua. Ilikwenda vizuri mwaka mmoja na zaidi. Kisha unga ukafunika kioo, mikate ikaungua, na wewe ukasimama mbele ya watu ukasema kazi inafanywa na simu, mimi nasimama tu. Hukujua unasema nini. Ulikuwa unasema kweli, Cheche, kweli ambayo nilikuwa naificha hata usingizini, nawe ukaisema huku unacheka. Ningekuwa na nguvu siku ile ningekupiga.

Jumapili ya kwanza hapa, ile ya mwisho ya Mei, nilikaa kitandani, nikavaa visikizi, nikapiga orodha yetu kuanzia mwanzo. Wimbo wa tano, ule wa mwanamke anayemsuta shemeji yake, nilipata ngoma na mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Wa kumi na nne, wa kwaya, nilipata mlango unaogongwa. Nikangoja wa ishirini na tano. Nilijua unapoanza kwa sababu niliuona umeandikwa. Tarumbeta hazikuwemo hata moja. Nikakufikiria wewe, umesimama pale pangu, unazisikia zote mbili, tena bila kujua ni kitu gani unacho. Hapo ndipo nilipofuta. Si kwa kukukomoa tu, ingawa kukukomoa kulikuwamo, siwezi kusema uongo. Sikutaka mtu mwingine azisikie ikiwa mimi sizisikii. Ni roho mbaya, naijua kwa jina.

Mzee wa Tanuri ameniandikia, amenigombeza kwa haki. Jana nikasema basi, nitairudisha, siku bado zipo. Nikakuta neno la siri nimelisahau. Hizo hatua chache rahisi, Cheche, ni kwamba wanakupigia simu na mwanamke anakusomea namba sita. Wamenipigia mara tatu. Mara tatu nimeibana simu sikioni mpaka sikio likauma, na sikupata tarakimu hata moja. Ningeweza kumpa mpishi mkuu asikilize. Nilimtazama, yuko pale anachagua mchele, mita mbili tu. Nikashindwa kumweleza kwa nini. Nikaizima simu nikaenda kukanda.

Sasa unajua. Kasirika unavyotaka, unayo haki. Mimi bado nina hasira na wewe, usifikiri zimekwisha kwa kuwa nimesema. Ule ubao ulinigonga begani, lakini kilichovunjika si bega.

Dada yako

*

Bekari
20 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa juu ya gunia, kisha nikaipiga teke ndoo ya maji na Mzee akanipa tambara nikaushe mwenyewe.

Sijui hasira hizi nizipeleke wapi. Nikizipeleka kwako nakukuta umekaa chumbani nyuma ya mahindi, umebana simu sikioni. Nikizipeleka kwa hao watu wa muziki nakuta Mhudumu namba 40. Tarehe 16 nilifungua simu ya bekari. Majina yote yameondoka, hata rangi ya majivu haipo. Imeandikwa: maktaba yako iko tupu, anza safari yako ya muziki. Miaka kumi na miwili, na wananiambia nianze safari.

Lakini nyingi ni zako, Dada, nitakupa. Ulikwenda kwa daktari ukaniambia jino. Nilikupikia uji siku mbili. Uji, kwa ajili ya jino ambalo halikuuma. Umeniacha mwaka mzima nikihesabu kila ulipotazama pembeni kama dharau, nikawa nakujibu kwa dharau, na tukafika pale tulipofika. Una mdogo mwenye mdomo mrefu kuliko mstari wa wateja, anayesema mpaka na paka, na wewe ukaona huyo hawezi kuambiwa neno moja. Ulifikiri ningefanya nini? Ningekufukuza kwenye bekari ya baba? Ningetangaza mtaani? Hilo ndilo linaloniuma. Hukuyaogopea masikio yako, uliniogopa mimi.

Na ulikuwa na sababu. Hilo nalo nimelikuta nilipokuwa naikausha sakafu. Mtu anayecheka kwa sababu wateja wamecheka, nani atampa siri yake? Nimekukosea. Kwa maneno nimekukosea, kwa kucheka nimekukosea, kwa ubao nimekukosea zaidi. Nilitaka niuchome ule ubao tanurini. Mzee amekataa, anasema ubao haukusema kitu. Fundi cherehani nimemwambia kwamba ulikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa mjinga, basi. Mengine utamwambia ukipenda, usipopenda si lake.

Kidole chako nakitumia. Mara ya kwanza sikuelewa, nikachoma donge mpaka likafanana na chujio. Siku ya nne shimo lilirudi polepole, kama ulivyosema, na nilisimama pale nikilitazama kama mpumbavu. Metroni amechukua mikate sitini. Alibonyeza mmoja, akatafuna, hakusema ndiyo wala hapana, ila hakuirudisha. Amesema atakuja tena mwezi ujao aone kama ilikuwa bahati.

Ilikuwa bahati. Mimi najua, na wewe unajua. Nachoma donge lakini sijui siku ya mvua nifanyeje, sijui gunia jipya lina kiu gani, na wimbo wa tisa sijaupata mpaka leo. Nimelipia usajili kwa jina langu. Neno la siri nimeliandika ukutani kwa chaki, kubwa, mtu yeyote alione, nimechoka na vitu vinavyokaa kichwani mwa mtu mmoja. Nimeingiza nyimbo kumi na tisa. Urefu wake si ule, mpangilio wake si ule. Itabidi tupange upya kuanzia wa kwanza, na mimi peke yangu siwezi, kwa sababu mimi nina masikio tu.

Sikuombi urudi kwa huruma, sina huruma na wewe, nina hasira na wewe na nitaendelea kuwa nazo mpaka nizimalize mwenyewe uso kwa uso. Hizi haziishi kwa barua. Ile feni nimeita fundi, anakuja Ijumaa kuitoa. Jumatatu, tarehe 3 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, unga utakuwa mezani. Simama pale pako, ukitazama ukuta ukitaka. Simu nitaishika mimi. Wimbo ukiisha nitakugusa bega, kwa mkono.

Cheche